Kovu Lililofumuka

Mirdif, Dubai
3 Machi 2024

Kwa mama yangu mdogo, Bi Sheikha,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute barazani na kahawa yako, isikukute kitandani na magoti yako. Mie huku ni mzima, nakula na kulala, na kazi inakwenda.

Mwambie Humam asinune kwa kuwa nimekuandikia wewe na si yeye. Wewe kwenye simu husikii tena. Juzi nilikuuliza habari za magoti ukanijibu bei ya nazi, nami nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia dirishani. Meseji nazo, mwanao ndiye anayezisoma kwanza. Yako mambo ya mama na mwana, hayafai kusomwa na mwanamume. Basi bora karatasi. Hii ameichukua Aidarus, yule mfanyabiashara wa Mombasa anayenunua vitambaa Deira. Akifika kwa shemeji yake Tanga ataituma kwako.

Hapa nyumbani ni pilikapilika za Ramadhani. Madam Taghreed ananunua sahani mpya kama zile za mwaka jana zimekufa. Mama yake, Bi Zeyana, ndiye anayenitia simanzi. Nilikwambia kwamba alizaliwa Unguja akaondoka angali msichana, kwenye zile ghasia za mapinduzi. Sasa akili inamtoka, na Kiarabu kimetangulia kutoka. Anasema Kiswahili tu, kile cha kwao: "Weye, n'tilie maji. Mbona wan'tazama?" Wanawe wote hawajui neno. Madam anasimama mlangoni ananiuliza, "Joha, mama asemaje?" Namtafsiria mtu maneno ya mama yake mzazi.

Kwa hiyo mimi ndiye ulimi wa mzee huyu, na mikono yake, na miguu yake. Namtoa kitandani, namwogesha, namweka kitini, namrudisha. Ukimtazama ni mwepesi kama kanga iliyoanikwa, lakini mtu asiyejisaidia ni mzito, mama.

Umekwenda kwa mwanangu Wahid? Kabla ya mfungo nisafishie majani, uyapake chokaa yale mawe ya kichwani, unisomee Yasini. Niambie kaburi likoje.

Lipo na jambo jingine dogo. Pale kwenye kovu la uzazi, chini ya kitovu, pametokeza kidude kama ndimu. Nikilala kinaingia. Nikikohoa au nikimnyanyua Bi Zeyana kinatoka. Hakiumi sana. Uliwahi kuona kitu kama hicho kwa wanawake wenzio? Humam asijue.

Mfungo mwema, mama. Ni mimi mwanao,
Joha


Pangani
27 Machi 2024

Mwanangu Joha,

Waalaykum salaam, na marahaba. Barua yako imefika ikiwa imekunjwa ndani ya kitenge cha mtu, lakini imefika. Magoti yangu ni yale yale. Humam amenuna kama ulivyojua angenuna. Mkewe amejifungua salama, mtoto wa kike, wamemwita Sheikha, nami najifanya sijali. Mvua zimeanza mapema mwaka huu, tena nyingi. Futari tunaipika sebuleni kwa kuwa jiko linavuja.

Kwa Wahid nilikwenda kabla mwezi haujaandama. Nimefyeka, nimepaka chokaa, nimesoma. Ule mlangilangi ulioupanda umechanua. Nilikaa mpaka jua likanifukuza.

Sasa hicho kidude. Mbona umekitia mkiani mwa barua kama mtu anayepita kuomba chumvi? Nilikwenda kwa nesi wa zahanati nikamweleza, nikasema ni mimi ninayeumwa, maana sikutaka jina lako litembee mjini. Akaniambia nilale anitazame! Nikamwambia leo kimeingia. Akanicheka, halafu akanieleza vizuri. Anasema hiyo ni ngiri. Mimi maisha yangu yote nilijua ngiri ni maradhi ya wanaume, lakini anasema mwanamke naye huipata, kitovuni, kinenani, au palipopasuliwa. Tumbo lina ukuta wa nyama chini ya ngozi, na ulipopasuliwa ukuta ule ulishonwa. Mshono wa ndani ukilegea panabaki mwanya, na utumbo unakuja kuchungulia. Wewe unaona uvimbe, kumbe ni matumbo yako mwenyewe yametoka nje ya nyumba yao.

Nilirudi nyumbani nikakumbuka mkaja. Mzazi hufungwa mkaja tumboni mpaka arobaini, na mimi nilikufunga siku chache tu, kisha Wahid akaanza kuugua na hakuna aliyekumbuka tumbo lako tena. Huenda hapo ndipo palipoharibika.

Nenda kwa daktari, mwanangu. Ukipata mtu wa kukuchua tumbo, mkatalie. Nesi amenionya sana juu ya kuchuliwa.

Nakuweka kwa Mungu,
Mama yako mdogo, Sheikha


Mirdif
28 Aprili 2024

Mama yangu mpenzi,

Salamu na shikamoo, na mkono wa Idi japo umechelewa. Mpongeze mke wa Humam. Nimemnunulia Sheikha mdogo vigauni viwili, Aidarus atavileta kama begi lake halitajaa.

Huenda mmesikia kwamba Dubai ilizama. Wengine huko watacheka, jangwani mafuriko! Sisi hatukucheka. Jumanne ile mbingu iligeuka rangi ya shaba mbichi, mvua ikaja kwa ndoo. Barabara ikawa mto, magari yakaelea. Madam alikuwa ametoka kazini, amekwama njiani na dereva. Nyumba nzima tulikuwa wawili, mimi na Bi Zeyana, na chumba chake ni cha chini. Maji yakaanza kuingia chini ya mlango polepole, halafu si polepole. Nikazima umeme. Alipoyaona yamefika kwenye miguu ya kitanda akaanza kupiga ukelele, "Wanakuja! Nambie mama wanakuja!" Hakuwa Mirdif yule, alikuwa Unguja, na waliokuwa wakija hawakuwa maji.

Nilimbeba mgongoni nikapanda naye ngazi. Katikati ya ngazi nikasikia kitu kimefyatuka tumboni, kama uzi wa godoro unapokatika. Sikuweza kusimama, maana nikisimama tungeanguka wote. Nikafika juu, nikamlaza, nami nikalala sakafuni pembeni yake mpaka jioni walipofika.

Tangu siku ile ndimu imekuwa chungwa. Nilimwonyesha Doris, Mkenya wa nyumba ya pili. "Wee Joha," akasema, "hii si kitu ya kuchezea, tunaenda kliniki leo leo." Madam alikubali bila neno, bima ninayo. Daktari ni Msyria, Dokta Fawaz, mtu mpole. Alinisimamisha nikohoe, akanilaza, akakirudisha ndani kwa vidole, akanipima kwa ile picha ya jeli ya baridi. Yale maneno ya kidaktari yaliyonishinda Doris akanifafanulia.

Yale yale ya nesi wako, mama. Ukuta umefumuka pale pa kovu. Nikamuuliza dawa. Hakuna kidonge wala mafuta yanayoziba mwanya ule. Mkanda wa tumbo unashikilia tu, hauponyi. Tiba ni upasuaji: wanarudisha utumbo ndani, wanatia kitu kama wavu laini ili nyama iote juu yake, wanashona. Wengi hutoka hospitali baada ya siku chache. Akasema tufanye mapema, maana sasa bado kinarudi ndani. Siku kikikataa kurudi, kikawa kigumu, kikauma na nikatapika, nisingoje hata kidogo, maana utumbo ulionyongwa hufa.

Nilimuuliza habari ya mkaja. Akasema haikuwa hivyo. Mshono huweza kulegea kwa usaha, kwa kikohozi, kwa kunyanyua vizito, na wakati mwingine bila sababu anayoijua yeye. Kwa hiyo usijisute tena.

Lakini upasuaji siutaki kwa sasa. Baada yake sitaruhusiwa kunyanyua kitu kizito kwa zaidi ya mwezi. Nani atamnyanyua Bi Zeyana? Nani atajua kwamba anaposema "n'na kiu cha udongo" anataka maji ya mtungi, uliofukizwa udi?

Doris amenionyesha kwenye simu mafuriko ya huko kwetu. Mto umefika wapi? Niandikie hali ya makaburi.

Nakupenda, mama. Joha


Pangani
9 Juni 2024

Mwanangu Joha,

Salamu zako na vigauni vimefika. Sheikha mdogo amevivaa, vimempwaya, atavikuta. Sisi tu wazima. Ukuta wa jiko ulianguka na Humam ameusimamisha upya. Minazi ya nyuma imekwenda. Jirani yetu alipoteza mbuzi wote. Mvua sasa zimekatika, tunaanika magodoro.

Kwa upande wa makaburini njia imekuwa mbovu, haipitiki vizuri kwa mtu wa magoti. Nitakwenda.

Nikurudie wewe. Umenitia hofu, na hofu yangu huwa inageuka hasira, kwa hiyo nivumilie. Hapa mtaani alikuwapo fundi baiskeli, unamkumbuka, yule aliyekuwa akiimba akiziba pancha. Alikuwa na ngiri ya kinena miaka na miaka. Watu walimwambia akikatwa atakosa uanaume wake. Akajifunga mkanda, akafanya mzaha, akasema huyu ni mpangaji wangu. Mwaka juzi mpangaji akakataa kurudi ndani. Alilala nayo siku mbili akinywa mitishamba, akitapika maji ya kijani. Walipomfikisha Tanga madaktari walimfungua na kumfunga. Mkewe anauza vitumbua sasa pale pale penye ile gereji.

Sikuambii haya kukutisha. Nakuambia kwa kuwa wewe una daktari aliyekuita, na bima, na mwajiri aliyekubali, na bado unakataa. Fundi yule hakuwa na hata kimoja. Bi Zeyana ana watoto wake, Joha. Mimi nina wewe na Humam basi, na mama yako alipokata roho alikuweka mkononi mwangu mimi, hakukuweka mkononi mwa Bi Zeyana.

Kubali wakukate. Niandikie upesi kwamba umekubali.

Sheikha


Mirdif
21 Julai 2024

Mama,

Salamu. Natumai nyote wazima. Huku joto limekuwa la kuua ndege. Tunafunga mapazia asubuhi na hatuyafungui. Bi Zeyana amedhoofu na hataki kula mpaka nimwimbie. Humam mpe salamu.

Umeniandikia minazi, na mbuzi wa jirani, na ukuta wa jiko, na kaburi la fundi baiskeli. Kaburi nililokuuliza umelipa mstari mmoja. Tangu Aprili njia haipitiki? Nakujua. Ukitaka kuficha jambo unaongeza maneno pembeni yake. Niambie.

Na mimi nitakwambia langu. Madam alipanga siku ya upasuaji mwezi uliopita. Alisema atachukua likizo akae na mama yake mwenyewe. Nikamwambia sitaki.

"Kwa nini, Joha? Unaogopa?"

"Siogopi, madam."

"Basi kwa nini? Mama nitamtazama mimi, wallahi."

Nikachukua sahani ya Bi Zeyana nikaingia jikoni. Alikasirika, akasema hanielewi, akatoka. Wewe nilikupa sababu ya Bi Zeyana, nayo ni kweli, lakini si yote. Nilipokwenda mara ya pili Dokta Fawaz alinichorea tumboni kwa kalamu. Akasema atapita pale pale pa zamani, na kovu la zamani atalikata alitoe, maana ngozi yake imekonda na ni mbaya kushona juu yake. Alisema kwa furaha, kama mtu anayekuahidi shuka jipya. Utapata mshono mzuri, akasema, hutaliona tena lile.

Mama, Wahid alipita pale. Hana picha. Nguo zake tulizigawa. Hakufika hata kutambaa, kwa hiyo hakuna mtu anayemkumbuka kwa neno alilosema au kitu alichovunja. Mume wangu naye alikwenda zake, akaoa, na ana watoto wengine wa kumwita baba. Mimi nimebaki na kaburi lililo mbali, na mstari huu tumboni. Nikioga naupitisha kidole. Sijui kama ni wazimu. Doris anasema ni wazimu.

Najifunga mkanda. Nikiinama najishika. Bado kinarudi, ila siku nyingine kinachelewa.

Nijibu habari ya kaburi. Nakusihi.

Joha


Pangani
25 Agosti 2024

Joha, mwanangu wa pekee wa kike,

Sina salamu ndefu leo. Tu wazima.

Nimeandika barua hii na kuichana, kisha nimeandika tena. Nilitaka urudi nyumbani ndipo nikueleze nikiwa nimekushika mkono. Umeniuliza kwa kunisihi, nami siwezi kukudanganya mara ya pili.

Kaburi halipo. Mto ulipofurika Aprili ulikula ukingo wote wa chini, pale walipozikwa watoto. Tulisikia asubuhi. Nilikwenda na Humam, nikivutwa kama gogo maana tope lilikuwa la magotini. Nilidhani nitaona japo mlangilangi. Palikuwa na maji tu, yanapita kama yamepita pale siku zote. Wanaume walishuka na kamba wakaokota walichoweza kuokota, wakakivika sanda, wakakizika juu kilimani katika kaburi moja. Sheikh alisema Mungu anajua kila mfupa ni wa nani. Watoto wadogo, mwanangu, mifupa yao ni kama ya ndege. Sidhani walipata kitu cha Wahid, na sitakwambia walipata.

Nilisimama pale nikamwombea msamaha, kwa kuwa niliahidi nitamtunza na sikumtunza. Humam alilia kuliko mimi. Ndiye aliyenikataza nisikuandikie.

Sasa nisikilize. Najua barua yangu hii inakuondolea kimoja katika viwili ulivyobaki navyo, na hapo hapo nataka kukuomba ukitoe na cha pili. Nalijua hilo, na ukinichukia nitakuelewa. Lakini kovu si mtoto. Mtoto yuko kwa Mola wake, hahitaji ufe ukimlindia mlango aliotokea. Nilikupokea wewe ungali na maziwa ya mama yako mdomoni. Mimi pia ni mama ninayeogopa kubaki bila mtoto.

Nenda kwa yule Msyria. Mwambie akate.

Mama yako


Al Warqa, Dubai
6 Oktoba 2024

Mama yangu,

Assalaam alaykum. Ni mzima, kwa maana ya kwamba ninapumua na naweza kushika kalamu. Niko Al Warqa, kwenye chumba cha rafiki yake Doris, nimelala chali, na karatasi nimeiweka juu ya sinia. Nikichoka naacha, kwa hiyo ukiona mwandiko umebadilika usishtuke.

Barua yako ya Agosti nimeipata juzi. Aidarus alipitia Uchina kwanza, akarudi nayo mfukoni, akaileta mwenyewe hospitali kisha akaambiwa nimeshatoka. Alipokuwa Uchina nayo, mambo yalikuwa yamekwisha.

Ilikuwa mwanzo wa Septemba, mchana. Nilikuwa namwogesha Bi Zeyana. Nilipomtoa kwenye kiti cha bafuni kidude kikatoka, na safari hii kilitoka kikakaa. Nikakisukuma kama daktari alivyonifundisha, kikawa kigumu kama jiwe la kinu. Nilijua. Sitakudanganya kwamba sikujua. Lakini alikuwa ana sabuni mwilini na anatetemeka kwa baridi, basi nikammalizia, nikamkausha, nikamvalisha, nikamlaza. Ndipo nikaanza kutapika. Nilijilaza chini nikisema nitangoja kidogo kirudi, kimezoea kurudi. Nikangoja. Maumivu yakaja kwa mawimbi, kila wimbi lilikuwa kubwa kuliko lililotangulia, nami nikajiambia hili ndilo la mwisho. Bi Zeyana kitandani ananiuliza, "Weye wafanyani hapo chini? Umepoteza nini?" Nikamwambia nimepoteza sindano. Akasema, "Itafute vyema, isin'chome."

Doris alinikuta alasiri. Ngozi ya juu ilikuwa imeshaanza kuwa ya zambarau. Ambulensi ilifika upesi, sina lawama kwa mtu yeyote.

Nilipoamka Dokta Fawaz alikuwa amekaa kando ya kitanda. Hakunifokea, heri angenifokea. Alisema kipande cha utumbo kilikuwa kimekufa, wamekikata na kuunga pande mbili zilizo hai. Na wavu hawakuweka, mama. Mahali palishachafuka kwa utumbo uliooza, na wavu ukiwekwa penye uchafu huota usaha. Wameshona kwa nyuzi tu. Nikamuuliza kama nimepona. Akatazama dirishani, akasema, "Umepona kifo. Ngiri inaweza kurudi." Ikirudi nitapasuliwa tena baada ya muda, ndipo waweke wavu. Ningekuja Mei ningekuwa nimeshasahau.

Nilimuuliza kovu la zamani liko wapi. Kwanza hakunielewa, akadhani namuuliza kama mshono ni mzuri. Kisha akasema waliliondoa, linakwenda na taka nyingine za chumba cha upasuaji na kuchomwa. Alisema hivyo kwa upole kabisa. Sasa nina mstari mpya, mrefu kuliko ule, wenye alama za pini pande zote mbili kama zipu ya begi. Naupitisha kidole. Hakuna mtu aliyepita hapa isipokuwa mikono ya madaktari.

Halafu ndipo nikapata barua yako. Sikulia. Niliisoma, nikaikunja, nikamwomba Doris chai. Nilingoja huzuni ije kama yale mawimbi, haikuja, na hilo ndilo linalonitisha. Sikuchukii. Ungeniambia Juni pengine ningekubali kukatwa, au pengine ningelishika kovu kwa nguvu zaidi. Sijui. Wewe ulinificha kwa kunihurumia, mimi nikajificha kwa kumhurumia asiyekuwapo, na mto haukumngoja yeyote kati yetu. Usiombe msamaha tena kwa Wahid. Kama kuna wa kuombwa ni wewe, kwa jinsi nilivyokuacha ukiogopa peke yako.

Madam alikuja hospitali akalia, akashika miguu yangu. Siyo mtu mbaya. Akasema, "Khalas, Joha, kazi hii huiwezi tena," na ni kweli, daktari ameandika nisinyanyue mtu maisha yangu yote kama naweza kuepuka. Visa itafutwa, tiketi amekata. Amempata mfanyakazi mpya kutoka Nepal, msichana mwenye nguvu na adabu.

Jana nilikwenda kuchukua begi langu. Nilimwomba madam niagane na Bi Zeyana. Yule Mnepali akanifungulia mlango na kunipisha. Chumba kisafi, shuka zimenyooshwa kuliko nilivyokuwa nikizinyoosha mimi. Madam akaninong'oneza kwamba tangu niondoke mama hajatamka neno. Wamemleta daktari wa akili, wamemletea binti wa ndugu yake kutoka Maskati, wapi. Amefunga mdomo.

Nikasema, "Bi Zeyana, hujambo? Ni Joha."

Aligeuza uso. Alinitazama muda mrefu, na macho yake yakajaa maji. Akasema, sauti imekauka kwa kutotumika, "Walikuwa wapi watu? Nimeita, nimeita. Hakuna mtu humu ndani."

"Walikuwepo, Bi Zeyana. Hawakusikia."

"N'toe hapa basi. N'nyanyue twende zetu."

Akaninyooshea mikono yote miwili, kama mtoto anayetaka kubebwa. Yule Mnepali akasogea haraka kumsaidia, Bi Zeyana akampiga kofi mkononi, akaninyooshea mimi tena. Madam mlangoni akaniuliza, "Joha, mama asemaje?"

Nilisimama pale nimejishika tumbo, mama. Nikamwambia madam, "Anataka maji." Kisha nikachukua begi langu, si zito, nikatoka.

Nakuja mwishoni mwa mwezi. Mwambie Humam aje anipokee na mtu wa kubeba.

Joha